Taa ya mbele ya baiskeli Mombasa kwa chini ya elfu mbili: ununue ipi, na kwa nani

Ukiwa na shilingi elfu moja, au tuseme elfu moja na mia tano, hukosi taa ya mbele ya baiskeli mjini Mombasa. Ziko kwa mafundi wa Mwembe Tayari, ziko kwenye maduka ya spea, ziko kwa wachuuzi wanaotandika bidhaa kando ya njia jua likipungua makali, na ziko kwenye simu yako. Kuzipata si kazi. Kazi ni kwamba mchana zote zinafanana, zote zimeandikwa namba za kutisha kwenye boksi, na ile mbovu haiharibiki mbele ya muuzaji. Inangoja wiki ya tatu, boksi lishatupwa na aliyekuuzia kashakusahau sura.

Ndiyo maana hapa nalinganisha vitu viwili kwa mpigo: taa, na mwenye kuiuza. Kwa bei hii taa zenyewe hazipishani sana. Wanaopishana ni wauzaji, na mimi bora nichukue taa ya wastani kwa mtu ninayejua anakaa wapi kuliko taa nzuri kwa mtu ambaye nina namba yake ya simu tu.

Unaendesha wapi usiku?

Jua la Mombasa huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima, na machweo yetu hayakawii: dakika ishirini baadaye ni giza. Anayetoka kazini Shimanzi au Changamwe saa kumi na mbili na makao yake ni Kisauni au Bamburi, huyo anaendesha gizani, hana hiari.

Ndani ya kisiwa, kwenye Moi Avenue au Digo Road, taa za barabarani na za maduka zinakutosha kuona. Unachotaka pale ni kuonekana, hasa na tuktuk inayochomoka pembeni na matatu inayosimama popote abiria aliponyoosha mkono. Taa ndogo inafaa. Lakini ukishavuka daraja la Nyali ukashika njia za ndani za Kisauni, au ukaelekea Mtwapa, au uko ng'ambo ya Likoni unateremkia Diani, unachotaka ni kuona wewe: shimo, mchanga uliomwagika na lori, mbuzi, mtu wa nguo nyeusi anayetembea pembezoni.

Piga hesabu kidogo. Kasi ya kilomita 20 kwa saa ni karibu mita tano na nusu kila sekunde. Mpaka ushtuke na vidole vikamate breki, sekunde moja na nusu imepita na mita nane zimekwenda. Breki nazo zinataka mita nne au tano nyingine, hapo lami ni kavu na mipira ya breki haijaisha. Kwa hiyo taa isiyokuonyesha lami mita 15 mbele inakuonyesha shimo ambalo tayari unaliingia.

Namba za kwenye boksi

Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende utakako. Luksi ni mwanga unaotua mahali fulani. Taa mbili zinaweza kuwa na lumeni sawa, moja ikalaza mwanga barabarani na nyingine ikaumwaga juu ya minazi na machoni mwa dereva anayekuja. Ujerumani sheria yao inalazimisha taa ya baiskeli iwe na ukingo wa juu, mwanga ukatike pale kama wa gari, ili anayekuja asipofushwe. Taa nyingi tunazouziwa hapa hazina ukingo huo; ni tochi tu iliyopewa kibano. Kwa hiyo ujue utalazimika kuiinamisha mpaka kiini cha mwanga kigonge lami kama mita nane au kumi mbele yako.

Sasa, boksi likikuambia lumeni 1000 kwa saa sita, usibishane na muuzaji, fanya hesabu kichwani. Taa za LED za bei hii hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja, ukiwa mkarimu. Lumeni 1000 basi ni wati 10. Saa sita ni mara sita: wati-saa 60. Betri ya lithiamu ina volti 3.7, kwa hiyo ingehitajika betri ya mAh 16,000 na zaidi (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), yaani pawabenki nzima ndani ya kitaa kinachoenea kiganjani. Ukifungua taa hiyo utakuta betri ya mAh 1,200, ambayo ni wati-saa nne na kitu. Hiyo inatosha lumeni 400 kwa saa moja, au lumeni 200 kwa saa mbili. Na lumeni 200 zilizoelekezwa vizuri zinakufikisha Mtwapa bila wasiwasi! Sina ugomvi na lumeni 200. Nina ugomvi na anayeziita 1000.

Dainamo

Hii ndiyo taa ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo, na mafundi wa rika la juu hawataki kusikia nyingine. Chupa ndogo, ndiyo dainamo yenyewe, inafungwa kwenye uma, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, kichwa chake kinasugua ubavu wa tairi, umeme unatoka: volti 6, wati 3, ambazo kwa desturi 2.4 huenda taa ya mbele na 0.6 taa ya nyuma. Seti nzima, chupa na taa mbili na waya, hucheza kati ya mia sita na elfu moja ukijua kuomba bei.

Uzuri wake wa kwanza hauhusu mwanga. Imefungwa kwa nati. Ukiegesha Kongowea ununue mboga, mwizi wa kupita hana muda wa kuhangaika na spana. Taa ya kuchaji ni lazima uing'oe kila unapoegesha, ukisahau mara moja tu umemnunulia mwingine. Pili, haina chaji ya kuisha. Stima zikipotea usiku kucha, yeye hana habari.

Ubaya wake unauona mwenye kubeba mzigo. Ukienda mwendo wa kutembea, mwanga unafifia. Ukisimama, unazima kabisa, na unasimama wapi? Kwenye makutano, mahali ambapo ungependa zaidi uonekane. Mvua ikinyesha kichwa kinateleza kwenye tairi. Kupanda daraja na dainamo ikiwa imekaza, mapaja yanakuambia.

Kuna jambo la balbu ambalo wauzaji hawalisemi. Balbu mbili zinagawana umeme. Ya nyuma ikiungua bila wewe kujua, ya mbele inabeba wati zote tatu, na kwenye mteremko wa kwanza wa maana nayo inakwenda. Nunua balbu za akiba mbili, ziweke kwenye mfuko wa kiti. Ukitaka kubadilisha uweke LED, nunua taa iliyotengenezwa kwa ajili ya dainamo. Umeme wa dainamo ni wa kupindukapinduka, si wa kwenda upande mmoja kama wa betri, kwa hiyo LED ya tochi ukiiunganisha hapo itapepesa au itaungua.

Fundi mmoja mzee wa Mwembe Tayari hamwachii mteja dainamo kabla hajaizungusha kichwa chake kwa dole gumba, sikio limeinama juu yake. Anasikiliza. Nzuri inakokota kwa vipigo laini. Mbovu inakwaruza, mchanga au kutu imeshaingia kwenye bushi. "Yakhe, hii usichukue," akamwambia kijana aliyekuwa tayari ana noti mkononi. "Leo inakwaruza, kesho kutwa italia, halafu utakuja kunilaumu mimi." Akafungua boksi jingine. Hiyo, kwa mtazamo wangu, ndiyo huduma kwa wateja yenyewe, na imetolewa kabla pesa haijabadilisha mikono.

Zile ndogo za mpira

Zinauzwa mia na hamsini hadi mia tatu, zinakula betri bapa za CR2032, zinafungwa kwa mpira wake wenyewe. Za kuonekana mjini, basi. Kuona huoni kitu. Betri zake mbili zikiisha, kuzibadilisha kunakaribia bei ya taa. Mpira wake ukikaa juani miezi kadhaa unakatika. Iwe ya akiba kwenye begi.

Tochi ya kufunga

Tochi ya kawaida ya kuchaji, ile ya bomba la alumini, pamoja na kibano cha plastiki cha kuishikilia kwenye usukani. Mia tano hadi mia nane vyote viwili. Ndani mna betri ya duara ambayo mafundi simu wanaijua kwa namba yake, 18650: upana milimita 18, urefu 65.

Naipenda kwa sababu moja kubwa: betri inatoka. Ikichoka unanunua nyingine, unaendelea. Ukiwa na mbili, moja iko nyumbani inachajiwa. Taa ya kuchaji ya kawaida ina betri iliyogandishwa ndani, ikifa umezika taa nzima.

Ila hapo kwenye betri ndipo uwongo ulipojenga nyumba. Betri bora za aina hii kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana hufika mAh 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa 9,900, huo si uwezo, hayo ni maandishi. Iweke kiganjani: halali ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na feki nyingi ni nyepesi kiasi cha kukushtua. Mwombe muuzaji akupimie kwa mizani ya duka la jirani kama anayo. Atacheka, lakini atapima. Na usiichaji feki kitandani au ukiwa umelala. Lithiamu mbovu ikipata moto haizimwi kwa kupulizwa.

Kibano nacho kinataka jicho. Barabara zenye matuta zinakilegeza, tochi inainama polepole hadi inamulika tairi lako mwenyewe. Kipande cha tyubu kuukuu kikizungushwa kwenye usukani kabla ya kukaza kibano kinamaliza shida hiyo, na fundi yeyote atakupa bure.

Mwanga wake ni wa duara, mkali katikati, giza pembeni. Kwenye njia nyembamba za Mji wa Kale utampofusha kila mzee aliyekaa barazani. Punguza.

Taa ya kuchaji ya USB

Hizi ndizo vijana wanazonunua, na kwa safari nyingi za Mombasa ndizo zinazofaa: mia sita hadi elfu moja na mia tano, nyingine zina honi ndani yake. (Honi hizo zinalia kwa sauti ya kuudhi, na ndilo lengo. Lakini honi inakula betri ileile.) Angalia vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo havijaandikwa kwenye boksi.

Cha kwanza ni maji. Alama ya IPX4 maana yake taa inastahimili maji ya kurushwa kutoka upande wowote. Inatosha kwa mvua. IPX7 ni ya kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, na taa ya mia saba inayodai hivyo inakutania. Usisome alama peke yake, fungua kizibo cha mpira kinachofunika tundu la chaji. Kikae kwa kukaza, kirudi chenyewe mahali pake. Kikiwa kinaning'inia dukani, mvua za Mei zitaingia bila kubisha. Na kwetu pwani si mvua tu: hewa ya chumvi inaweka kutu ya kijani kwenye vile vyuma vidogo vya tundu hata taa ikiwa imetundikwa ukutani. Ipangusie kwa kitambaa kikavu, na kwenye dainamo paka mafuta ya mgando kidogo penye viungio vya waya.

Cha pili ni tundu lenyewe. Taa nyingi za bei nafuu zina tundu la aina ya C, lakini ndani hazikuwekewa vile vipinga vidogo viwili vinavyoiambia chaja ya kisasa itoe umeme. Matokeo yake: ukitumia waya wenye ncha ya C pande zote mbili, haichaji hata kidogo. Ukitumia waya wa kawaida, ule wenye ncha pana upande wa chaja, inachaji bila neno. Hili peke yake linasababisha malalamiko chungu nzima ambayo hayana msingi, na muuzaji aliyewahi kuliona atakuuliza swali hilo kwanza. Asiyeuliza ujue anauza tu, hazijui bidhaa zake.

Cha tatu ni kitufe. Kibonyeze mara nyingi pale pale dukani. Ndicho kinachokufa mapema, kabla ya betri, kabla ya LED.

Kisha usiiache kwenye baiskeli juani huku imejaa chaji. Joto na chaji kamili kwa pamoja ndivyo vinavyoizeesha lithiamu haraka, na Februari ya Mombasa ina joto la kutosha kwa wote.

Kitu kimoja zaidi kwa wanaobeba mzigo mbele, wauza mikate na wauza maji: taa ya kwenye usukani itamulika kreti. Ifunge chini, kwenye uma. Utapata faida ya ziada: mwanga wa chini unalipa shimo kivuli kirefu, unaliona mapema.

Sasa wauzaji

Mchuuzi wa kando ya njia ana bei ya chini kuliko wote na unaweza kuijaribu papo hapo. Kesho huenda yuko Mwembe Tayari, huenda yuko Kongowea, huenda hayuko. Kwake nunua vitu ambavyo kuharibika kwake hakutakuuma: taa ndogo za mpira, vibano, balbu.

Fundi au duka la spea atakuzidishia mia moja au mia mbili. Hizo si hasara, hizo ni bima. Hana karatasi ya dhamana, na ukimwomba dhamana ya maandishi atakutazama kama umemtukana mamake. Lakini yuko palepale kila siku, jina lake linajulikana, na taa ikizima unaisukuma baiskeli mpaka mlangoni kwake. Mara nyingi hakurudishii pesa, anakutengenezea: anaunganisha waya, anabadilisha swichi, au anakupa nyingine ukiongeza kidogo. Kubali. Umeshaokoa usiku huo.

Mtandaoni chaguo ni kubwa, na picha ni nzuri. Tofautisha mambo mawili. Kuna majukwaa kama Jumia, ambapo kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa na unaweza kusoma masharti kabla hujalipa, na kuna mtu mmoja mwenye ukurasa na namba ya simu. Wa pili anaweza kuwa mwaminifu kuliko jukwaa zima, ila uaminifu wake ndio dhamana pekee uliyonayo. Muulize maswali mawili kabla ya kulipa: duka liko mtaa gani, na ikiharibika wiki ijayo tunafanyaje. Anayejibu la kwanza na kuliruka la pili ameshajibu yote mawili.

Halafu kuna gharama ambayo haimo kwenye bei. Taa ya mia saba kutoka Nairobi inakuja kwa basi, kifurushi unalipia. Ikiwa mbovu, kuirudisha unalipia tena. Safari mbili za kifurushi zinaweza kukaribia bei ya taa yenyewe, na wauzaji wengine wanalijua hilo vizuri sana. Wanajua utahesabu, utashusha pumzi, utaiacha. Kwa sababu hiyo peke yake, taa ya chini ya elfu moja siiagizi mbali hata ikiwa imepunguzwa bei. Ya elfu mbili na zaidi, naweza kufikiria.

Za kutoka China moja kwa moja ni bei poa na majukwaa yao yana muda maalumu wa kulalamika. Muda huo unaanza kuhesabiwa, haukungojei upate nafasi. Ijaribu siku iliyofika, usiku huohuo. Ukiwa na video ya tatizo, mara nyingi utarudishiwa pesa au sehemu yake bila kuirudisha taa, maana kuituma China hakuna anayekutaka ufanye hivyo.

Ikizima

Duka moja la mtandaoni, jina tuliache, liliniuzia taa iliyokuwa ikizima kila nikipita kwenye tuta. Niliandika: "Habari, taa niliyonunua kwenu inazima yenyewe." Jibu likaja upesi: "Pole sana mpendwa, tutaangalia." Siku iliyofuata: "Mpendwa, uliichaji?" Nimechaji. "Sawa mpendwa, subiri tuwasiliane na ofisi." Mapenzi yakaishia hapo. Tiki za buluu zikabaki.

Malalamiko yanayopata jibu yana umbo jingine. Hayaelezi hasira, yanaweka vitu vitatu mezani: ushahidi, ombi moja, na siku. Kwa mfano:

"Salaam ndugu. Tarehe 3 nililipia taa kwa till yenu, ujumbe wa M-Pesa huu hapa. Inazima ikitikiswa, video ya sekunde kumi hii hapa, nimeshajaribu chaja na waya tofauti. Naomba mnibadilishie, au mnirudishie pesa. Naomba jibu kufikia Ijumaa."

Video ipige bila maneno mengi: onyesha taa inawaka, itikise, inazima. Hapo hakuna la kuulizwa tena. Muuzaji mwerevu atakubadilishia, kwa sababu taa moja inamgharimu kidogo kuliko wewe kuisambaza video hiyo kwenye kundi la waendesha baiskeli.

Lipa kwa till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara, usilipe kwa namba ya mtu binafsi. Ujumbe wa till una jina la biashara, na hiyo ndiyo risiti yako. Na usijidanganye kwamba ukitaka pesa irudi utapeleka ujumbe 456, ile namba ya kurudisha pesa za M-Pesa. Utaratibu ule ni wa pesa uliyomtumia mtu mwingine kwa bahati mbaya, si wa taa mbovu.

Je, lile bango la ukutani, "Bidhaa zilizouzwa hazirudishwi"? Lipo karibu kila duka, na watu wengi wanalichukulia kama sheria. Si sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahiki, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amedhamini kwamba kitu alichouza kina ubora wa kuuzika, bango au hakuna bango. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Sikushauri uende mahakamani kwa ajili ya mia nane. Utapoteza siku ya kazi. Lakini ukilitaja jambo hilo kwa adabu, ukiwa umesimama dukani na wateja wengine wanasikia, mara nyingi droo ya taa nyingine inafunguka. Kwa adabu, nasisitiza. Mombasa mtu akipandishiwa sauti mbele za watu atashindana na wewe hata akijua ana makosa.

Mnunuzi naye ana yake. Taa iliyoanguka ferini ikapasuka lenzi hairudishwi. Taa iliyooshwa pamoja na baiskeli kwa mpira wa presha hairudishwi. Ukidanganya fundi anajua, akiifungua anaona maji.

Mimi ningechukua ipi

Kwa anayezunguka kisiwani tu, taa ya USB ya mia sita au mia saba, kutoka duka la spea, ukiijaribu stoo penye giza kabla ya kulipa. Iweke kwenye kupepesa ukiwa mjini, itadumu zaidi. Penye giza tupu iweke mwanga wa kutulia, maana mwanga unaopepesa unafanya umbali ukose kukadirika, kwako na kwa anayekuja.

Kwa anayekwenda Mtwapa au ndani ya Kisauni kila usiku, tochi ya kufunga yenye betri mbili halali, gharama yake ikifika elfu moja na mia tano usilalamike. Mwanga unatosha, na hakuna siku utakwama kwa sababu stima zilipotea.

Mwenye Black Mamba na mzigo, dainamo ya fundi, pamoja na kitaa kidogo cha mpira mfukoni kwa ajili ya kusimama kwenye makutano.

Na kabla hujalipa popote, uliza kama wana taa nyekundu ya nyuma. Gari linalokufuata usiku haliioni hii ya mbele tuliyoizungumza muda wote huu, na duka ambalo umeshakubaliana bei ya moja mara nyingi litakuachia ya pili kwa mia na hamsini.